Vumbi Nililolifuta

Ukifungua kopo la vidonge 1,000, juu yake utakuta kijifuko cheupe chenye chembechembe ndani, kimeandikwa kisiliwe. Kazi yake ni kunyonya unyevu. Wauza dawa wengi hukitupa pamoja na ile pamba. Mimi nakitia mfukoni mwa koti. Nina miaka 11 katika duka la dawa hapa Majengo, Dodoma, na siku hizi situpi hata kimoja. Vyote viko nyumbani Nkuhungu, ndani ya ndoo kubwa ya plastiki yenye mfuniko unaobana, na juu yake, zimeviringishwa kwenye foronya, zimelala kamera na lenzi zangu. Kila baada ya wiki mbili tatu navianika juu ya bati saa saba mchana, vikauke vizuri, kisha navirudisha.

Napiga picha za michezo. Silipwi. Jumamosi na Jumapili jioni utanikuta kwenye ndondo za mtaani, netiboli ya wasichana, mashindano ya shule, na mara mojamoja Uwanja wa Jamhuri siku ambayo Dodoma Jiji wako nyumbani. Pale Jamhuri nanunua tiketi kama watu wengine na napigia jukwaani, kwa sababu sina kizibao cha waandishi. Tangu timu ipande Ligi Kuu mwaka 2020 ni raha kukaa pale, ila kwa mtu kama mimi wachezaji wako mbali mno. Uwanja wa mtaani hauna jukwaa wala uzio. Unapindua ndoo, unakaa hatua tatu kutoka kwenye chokaa, na winga akiteleza anakuangukia mapajani. Huko ndiko nilikojifunzia.

Nilianza na lenzi iliyokuja na kamera, 18-55, baadaye nikaongeza 55-250; hizo ni milimita, namba ikiwa kubwa lenzi inavuta mbali zaidi. Kamera ni Canon 70D, nimeinunua ikiwa imeshatumika. Hiyo 55-250 ni nyepesi, bei yake mtu wa mshahara mdogo anaiweza, na mchana picha zake ni safi. Nisingependa mtu aidharau kwa sababu yangu. Shida yake ni jioni. Ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake la kuingizia mwanga halifunguki zaidi ya f/5.6, na namba hiyo ikiwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa pana. Mechi zetu zinaanza saa 10, kipindi cha pili kinaingia saa 11 jua likiteremka, na mtu anayekimbia anataka shata, yaani pazia la kamera, ifunguke kwa 1/1000 ya sekunde tu, chini ya hapo miguu yake inakuwa moshi. Basi kamera inatafuta mwanga kwa njia nyingine, inapandisha ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga, hadi 3200, na uso wa mtoto unajaa chenga kama mchele wenye mchanga.

Tundu la f/4 huingiza mwanga mara 2 ya f/5.6. La f/2.8 huingiza mara 4. Nilizipiga hizo hesabu usiku mwingi. Lenzi ya 70-200 yenye f/2.8 ina uzito wa kilo 1 na gramu 300 hivi, na bei yake ni ya mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Ile ya f/4 ya zamani, isiyo na kifaa cha kutuliza mtikisiko, ina gramu 700 hivi, na kwa michezo huo mtikisiko si tatizo maana shata yenyewe iko juu. Nikaanza kuweka akiba ya hiyo.

Treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, kwenda Dar es Salaam na kurudi siku hiyohiyo kukawezekana. Nikaomba ruhusa kazini Jumatano moja, nikapanda treni ya asubuhi na laki sita na nusu kwenye mkoba, nikakutana na muuzaji Kariakoo, kwenye ujia wa jengo la maduka. Nikaizungusha mkononi, nikaifunga kwenye kamera, nikapiga picha mbili tatu za watu wanaopita na mizigo. Fokasi ilikuwa inashika mara moja, bila mlio. Sijawahi kushika kitu kilichotengenezwa vizuri namna ile. Nikalipa. Njia nzima ya kurudi niliipakata kama mtoto mchanga.

Usiku ule umeme ukakatika Nkuhungu. Nikawasha tochi ya simu, na katika kuifurahia lenzi yangu nikaimulika kutokea nyuma ili nione vioo vya ndani. Kwenye kioo cha tatu au cha nne, ukingoni, palikuwa na nyuzinyuzi nyeupe zimetambaa kuelekea katikati, zimegawanyika kama mizizi ya mche wa mchicha ukiung'oa. Fangasi. Mimi ninayeuza dawa ya fangasi kila siku ya Mungu.

Nilipompigia muuzaji alisema, "Dada, picha si zinatoka?" Kisha simu yake haikupokelewa tena. Fundi mmoja wa kamera ambaye rafiki yangu alimpelekea picha ya kile kioo alinieleza vizuri bila kuniuzia chochote. Lenzi ikikaa pwani miaka mingi ndani ya begi la ngozi, kabatini, penye joto na unyevu, fangasi huota. Ikishaota hutoa asidi kidogo inayokula ile rangi nyembamba ya zambarau iliyopakwa juu ya kioo. Anaweza kufungua na kusafisha, lakini palipoliwa hapatarudi, na kuifungua lenzi ya zamani ni kuibahatisha. Akaniambia, "Wewe uko Dodoma, pakavu. Huko haitaendelea kuota. Iweke mahali pasipo na unyevu, endelea na kazi." Dodoma tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya kiangazi hewa inakausha nguo kabla hujamaliza kuanika zilizobaki. Ndiyo asili ya ndoo yangu na vijifuko vya dawa.

Na kweli picha zinatoka. Lenzi yenye fangasi kidogo haiweki alama kwenye picha kama wengi wanavyodhani, kwa sababu uchafu uko karibu mno na haumo kwenye fokasi. Jua likiwa mgongoni mwako hutajua lolote. Lenzi hujisema pale unapoielekeza kwenye jua: mwanga unagonga zile nyuzi, unatawanyika ndani, na picha nzima inafunikwa na weupe mwembamba, weusi unakuwa kijivu. Hapo ndipo matatizo yangu yalipoanzia, kwa sababu ya mahali ninapoishi.

Niwaeleze jinsi uwanja wa Dodoma ulivyo kuanzia mwezi Mei mpaka Oktoba. Upepo unatoka mashariki. Jua la jioni liko magharibi. Ukisimama upande wa magharibi, jua linakuwa mgongoni, nyuso zote zinawaka vizuri, lakini upepo unakupiga usoni na kila mwanafunzi anayefunga breki anakutumia vumbi lake moja kwa moja kwenye kioo. Ukisimama mashariki, vumbi linakwenda zake mbali, kamera inapona, lakini unapiga picha ukitazama jua, na nyuso zote zina kivuli. Hakuna upande wa tatu. Vijana wanaoniuliza lenzi gani wanunue kwa ajili ya mpira huwa nawauliza kwanza wao husimama wapi.

Mwaka wa kwanza nilisimama magharibi kama kila mtu. Vumbi la huku si la mchezo, ni laini kama unga wa muhogo, linaingia penye upenyo usiouona. Nilibadilisha lenzi uwanjani mara moja tu, nikiwa nimegeukia ukuta wa darasa, nikadhani nimejikinga. Wiki iliyofuata, kila picha yenye anga ilikuwa na madoa saba ya kijivu mahali palepale. Siku hizi lenzi haibadilishwi uwanjani, na ikibidi basi ni ndani ya foronya, mikono yote miwili imeingia humo, kwa kupapasa. Kupuliza vumbi natumia ule mpira mwekundu wa kunyonya makamasi ya watoto wachanga. Nimeuosha na kuukausha siku mbili, una nguvu ya kutosha na hauna mate kama pumzi ya mtu.

Baadaye nikahamia mashariki, na huko nikakutana na suala la nyuso. Hili nalisema kwa uchungu kidogo. Kipima mwanga cha kamera kinaamini kwamba dunia, ukiichanganya yote, ni rangi ya kijivu. Mweke mbele yake binti mweusi mwenye jezi nyeupe, nyuma yake anga jeupe la Dodoma: kamera inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga, na uso wa binti unabaki kama shimo. Kamera imetii hesabu iliyopewa. Zamani za filamu ilikuwa hivyohivyo. Tangu miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilikuwa ikipeleka kwenye maabara za kusafishia picha kadi yenye sura ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, na rangi za picha zilipimwa kwa ngozi yake. Filamu ilikuja kuboreshwa kwenye rangi za kahawia, na miongoni mwa walioshinikiza ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka bidhaa zao zionekane vizuri. Nilipolisoma hilo niliweka simu chini nikakaa kimya. Tangu siku hiyo naongeza mwanga kwa mkono, theluthi 2 za hatua au hatua nzima (hatua moja ni mwanga mara 2), na anga likiungua na liungue. Mtu kwanza.

Nimeyasema hayo yote ili mwelewe picha moja.

Ilikuwa mwishoni mwa Mei, shule kadhaa za sekondari zimekutana kuchagua watakaokwenda mbele kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Mwalimu wa michezo ananifahamu, alishazungumza na wazazi kuhusu kamera yangu. Uwanja ni wa udongo mtupu, mzunguko umechorwa kwa chokaa asubuhi na kufika saa 11 jioni nusu yake upepo umeshaupeperusha. Mbio za mita 800 wasichana. Nilikaa ndani ya mzunguko, upande wa mashariki wa ule mnyoofu wa mwisho, nikitazama jua: shata 1/1250, f/4, ISO 400, fokasi ya kufuata, kidole gumba kimeshikilia kitufe cha nyuma.

Kwenye kufuatisha picha kamera yangu inapiga 7 kwa sekunde, na nikitumia RAW, yaani faili ghafi la picha, inakabwa baada ya picha 15 hivi, yaani sekunde 2 tu, halafu inakaa kumeza. Kwa hiyo huwezi kubonyeza tangu mbali. Unasubiri. Na hata hizo 7 ni chache kuliko unavyofikiria. Septemba 2025, Alphonce Simbu, kijana wa majirani zetu Singida, alichukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, na tofauti yao ilikuwa sekunde 0.03. Asubuhi ile dukani tuliangalia mwisho wa mbio kwenye simu labda mara ishirini, wateja wakipiga vigelegele. Mimi kichwani nilikuwa napiga hesabu: kati ya picha yangu moja na inayofuata kuna sekunde 0.14. Simbu na Petros wangepita wote katikati ya picha zangu mbili na nisingejua nani kashinda. Ile kamera ya mstarini hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa, inatazama ufito mmoja mwembamba wa mstari na kuuchukua maelfu ya mara kwa sekunde, kisha inazipanga zile fito. Ya kwangu inabidi niibahatishe kwa kumsoma mkimbiaji, mabega yake, pale anapovuta pumzi kabla ya kuongeza.

Binti aliyekuwa anaongoza alikuwa na raba za kuazima, kubwa, kazikaza kwa kuzungusha kamba mpaka kwenye kifundo. Alipotoka kona ya mwisho nikabonyeza. Picha 11. Ya saba ndiyo hiyo: miguu yote miwili iko hewani, mkono wa kushoto uko mbele na vidole vimekunjuka, hakukunja ngumi. Nyuma ya kisigino vumbi limenyanyuka na jua limelipenya kutoka upande wa pili. Jasho limechora mstari kutoka kwenye sikio hadi taya. Niliona kasoro moja iliyonikera: macho. Hayatazami mstari wa kumalizia, wala hayako upande wa kamera. Yamekwenda kulia kwake, nje ya uwanja, kama mtu aliyeitwa. Karibu niiache kwa ajili hiyo, nikachukua ya nane, lakini ya nane mguu umeshatua na uhai umepungua.

Usiku ule nilikaa na laptopu. Natumia darktable, programu ya kuhariri picha. Nilianza zamani na Snapseed kwenye simu, ni programu nzuri kwa haraka, lakini nilikuwa nafanyia kazi JPEG na kuhifadhi juu ya ileile, nikahifadhi tena, mpaka picha zangu za mwaka mzima zikawa kama zimepikwa mara tatu. Lightroom niliipenda kwa mtu mwingine. Kulipa kila mwezi kwa kadi ya benki sikuweza. Darktable ni ya bure, ilianza mwaka 2009, na inafungua RAW. Kwenye laptopu yangu yenye RAM ya GB 8 inakwenda polepole, kila badiliko unasubiri. Nilijifunza kwa video nikitumia bando la usiku, na kwa miezi miwili mitatu sikuelewa kitu. Kilichonishika ni hiki: haiigusi picha yenyewe. Kila unachofanya inakiandika pembeni kwenye kifaili kidogo cha XMP, hatua kwa hatua, na siku yoyote unaweza kupanda kwenye ile orodha ukarudi mwanzo kabisa, kama hukufanya lolote. Umeme ukikatika ghafla, picha yako iko salama.

Nilipoifungua picha ya yule binti niliona weupe. Umetanda kila mahali, miguuni, kwenye miti ya nyuma, juu ya jezi. Moyo ukaniuma. Nikasema ni fangasi. Ni ile lenzi niliyopunjwa, inanidhalilisha kwenye picha bora niliyowahi kupiga. Darktable ina sehemu ya kuondoa utusitusi. Nikaivuta. Weupe ukaanza kuondoka kama pazia, nikaongeza, nikaongeza tena. Miti ikatokea. Ardhi ikawa nyekundu safi kama ya kwenye kalenda. Nikakoleza rangi ya anga. Nikaikata picha ibaki wima, binti peke yake. Kisha nikaihamishia kwenye GIMP, programu nyingine ya picha, nikafuta nguzo moja na mfuko wa nailoni uliokuwa unapepea, na vumbi lililobaki kisiginoni nikalifuta kwa kulifunika na udongo wa jirani. Saa nane usiku nilikuwa na picha kali, kila kitu kimekatika kama kwa wembe. Kwa kweli nilijivunia. Niliisafisha kwenye studio ya mjini, sentimita 13 kwa 18, karatasi ya kung'aa.

Mama yake binti anauza karanga na ubuyu, na ni mteja wetu wa siku nyingi. Anachonunua ni siri yangu na yake. Haya yote nayaandika kwa ruhusa yao wawili. Alipoingia dukani nikamwamkia, nikamtolea bahasha kutoka chini ya kaunta. Aliifuta mikono kwenye kitenge kabla ya kuishika picha. Akaitazama muda mrefu.

"Dada, huyu ni mwanangu. Ee, ni yeye. Lakini hapa ni wapi?"

"Ni palepale uwanjani mama, siku ya mbio."

"Siku ile?" Akaisogeza mbali na macho, akairudisha. "Siku ile karanga nilizifunga nailoni mara mbili. Kitenge nimekifua maji mawili bado yanatoka mekundu. Hapa mbona kama pamepigwa deki?"

Hakuwa analalamika. Alinishukuru, akanikabidhi kifungu cha karanga kwa nguvu, nilipokataa akakiacha juu ya mizani. Akaiweka picha kwenye kikapu, katikati ya khanga. Lakini mimi siku nzima nilihesabu vidonge mara mbilimbili.

Kwa sababu kama vumbi lilikuwepo kiasi hicho, basi ule weupe haukuwa lenzi. Au haukuwa lenzi yote.

Jumapili iliyofuata upepo ulikuwa umelala. Nikaenda pale uwanjani peke yangu saa 11 jioni, nikakaa palepale, nikaielekeza lenzi kwenye jua, hakuna mtu, hakuna anayekimbia, mbuzi wawili tu mbali. Nikapiga. Nyumbani nikaziweka picha mbili kwenye kioo cha laptopu, hii kushoto, ile RAW ya binti kulia. Laiti ningefanya hivyo tangu mwanzo. Weupe wa fangasi hauna umbo. Umetandazwa sawasawa picha nzima, mzito kidogo upande wa jua, na hauchagui kilicho mbali wala karibu; mbuzi aliyeko mita 100 na jiwe lililo mbele yangu vyote vimepauka kwa kiasi kimoja. Vumbi lina umbo. La yule binti linaanzia kisigino cha kulia, jembamba kama moshi wa kijiti cha kiberiti, linapanuka hadi usawa wa goti, linainama kuelekea magharibi kwa sababu upepo unalisukuma, na juu limechanika vipandevipande. Jua likilipita, sehemu nzito ina rangi ya asali na sehemu nyepesi ina rangi ya maziwa ya chai. Nyuma yake kuna vumbi la mzunguko uliopita, limeshapoa, limening'inia. Ukilifuata unaona alikopita.

Nilikuwa nimefuta njia yake.

Nikapanda kwenye ile orodha ya hatua, nikarudi mwanzo. Safari hii nilichukua kwenye picha ya mbuzi kiasi cha weupe ulioletwa na lenzi, nikakiondoa hichohicho tu, kwa kushusha kidogo mahali weusi unapoanzia, basi. Mizani ya rangi niliiweka ya jua, maana kamera ilipojichagulia yenyewe ilikuwa imeufanya udongo wetu uwe wa buluu kwa mbali. Uso niliuzungushia barakoa, yaani mpaka wa kuutenga na sehemu nyingine za picha, nikainua kivuli chake taratibu, nikisimama pale ngozi yake ilipofanana na nilivyoiona kwa macho: nyeusi yenye wekundu kwenye shavu upande wa jua. Kuna mahali ukizidisha anakuwa binti mwingine, mweupe kuliko ndugu zake, na nimeziona picha nyingi za harusi zilizofanywa hivyo. Sikukata. Nguzo ilibaki, mfuko wa nailoni ulibaki, na kiwiko cha binti wa pili kilichokuwa kinaingia kutoka ukingoni. Dakika 20, nikafunga laptopu.

Tangu hapo sijaigusa ile sehemu ya kuondoa utusitusi kwa picha za uwanjani. Kuna wanaoniambia picha zangu za kiangazi zina ukungu, hazijakatika vizuri. Wengine ni wapiga picha wazuri kunizidi, na kwa picha ya bidhaa au ya jengo wana haki. Lakini mtoto anayekimbia Dodoma mwezi wa saba anakimbia ndani ya kitu. Anakivuta puani, anakitema, usiku kinamtoka masikioni kwa pamba. Nikimtoa humo namnyang'anya sehemu ya kazi aliyoifanya.

Picha ya pili niliisafisha kwenye karatasi isiyong'aa. Mama alikuja Alhamisi, nikampa bila kusema neno. Hakuuliza ni wapi. Alipitisha kidole chini ya raba, polepole, kama anayetaka kuona kama kitachafuka, akasema, "Ehee." Akaomba na nyingine ya kumpelekea bibi yake binti Mpwapwa.

Tukakaa kidogo, duka lilikuwa halina watu. Mashindano ya mbele yalikuwa yamebakiza siku chache, uwanja uleule, nikaona nimpe msaada kwa ninalolijua. "Mama, safari hii usisimame upande ule wa magharibi, vumbi lote linakuishia wewe. Njoo upande wangu wa mashariki, upepo uwe mgongoni. Nitamwomba mwalimu akuruhusu uingie ndani. Na karanga zako zitapona."

Akatikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Siwezi, dada. Mwenyewe anajua nasimama pale karibu na nguzo. Akitoka kona ya mwisho ananitafuta kwanza. Akishaniona ndiyo anaongeza."

Nikamwomba ile picha mkononi mwake kidogo, nikayatazama macho.